Faili Ambalo Sikulifungua

Simu ya kwanza ilitoka Usangu, Jumatatu asubuhi, kabla hata sijavua koti. Aliyepiga alikuwa muuguzi wa zahanati moja ya huko bondeni, mwanamke wa Kisukuma ambaye ukoo wa mumewe ulihamia na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita ukaweka makazi pembeni ya mashamba ya mpunga. Nilikuwa namjua kwa sauti tu. Siku zote alianza na salamu ndefu, aulize baridi ya Iringa, aulize watoto, aulize kama viazi vimeshuka bei. Siku hiyo hakuuliza kitu.

"Dada, mtandao wenu umeingiliwa?"

"Nani kasema?"

"Simu yangu ndiyo inasema. Ngoja nikusomee." Akasoma polepole, kama anasoma hati ya mashtaka. "Muunganisho wako si salama. Huenda kuna watu wanajaribu kuiba taarifa zako. Juu kuna alama nyekundu. Sasa dada, ni watu gani hao?"

Nikamwambia asubiri. Nikaufungua ukurasa uleule kwenye kompyuta ya ofisini. Kile kikufuli kidogo cha juu kilikuwa kimefungwa vizuri, hakuna wekundu wowote.

"Kwangu hapa uko sawa," nikamwambia. "Itakuwa simu yako. Izime, uiwashe."

"Nimeizima mara mbili."

"Basi ni mtandao wa huko kwenu."

"Mimi nina majibu ya watu humu," akasema. "Nina majibu ya watu ninaokaa nao benchi moja kanisani. Sifungui, dada. Mpaka mniambie ni nani."

Wakati huo nilikuwa na miezi mitano tu kwenye kazi ya kutunza seva ya hospitali yetu, hospitali ya masista pale Iringa mjini. Kabla ya hapo nilikuwa katibu muhtasi wa ofisi ya utawala. Nilisoma kozi za kompyuta kidogo kidogo, likizo kwa likizo, na nafasi ilipopatikana Sista Mkurugenzi akanipa kwa sababu alinifahamu, si kwa sababu niliwashinda wengine. Seva yenyewe ilikuwa kompyuta moja nyeusi iliyokaa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mashuka. Kazi yake ni kubeba majibu ya maabara. Zahanati za mbali zilituletea sampuli kwa basi, maabara ikapima, majibu yakaingizwa kwenye seva, na muuguzi wa huko akayasoma kwenye simu yake. Mgonjwa hakusubiri karatasi.

Aliyeijenga kazi hiyo yote ni kaka mmoja wa Kinyakyusa, mtu wa Mbeya, mkimya, mwenye tabia ya kujibu swali kwa swali. Aliondoka vibaya. Mama yake aliumwa, akaomba ruhusa ndefu, akanyimwa, akaandika barua ya kuacha kazi siku hiyohiyo. Aliniachia kaunta buku lililojaa maelezo kwa mwandiko mdogo wa kubanana. Mstari wa kwanza kabisa wa ukurasa wa kwanza ulisema: futa ufunguo wangu wa kuingilia kwenye seva. Sikuufuta. Niliogopa kwamba nikigusa kitu cha huko ndani, seva nzima itazima na sitajua kuiwasha. Nikasema nitaufuta nikishazoea.

Wiki moja kabla ya ile simu ya Usangu, cheti cha seva kilikuwa karibu kuisha muda. Seva huwa na cheti, kama mtu alivyo na kitambulisho. Simu ikigonga, seva huonyesha cheti kwanza, simu ikiridhika ndipo mazungumzo yanafungwa yasisikike na mtu wa tatu. Niliagiza cheti kipya kwa kampuni inayotoa vyeti, wakanitumia mafaili mawili. La kwanza lilikuwa na jina la hospitali yetu. La pili lilikuwa na jina refu la kigeni ambalo sikuwahi kuliona popote. Kwenye kozi walitufundisha: usiweke ndani ya mashine kitu usichokijua. Jumapili jioni nikaweka la kwanza, la pili nikaliacha lilivyo. Kikufuli kikafunga, nikaenda kunywa chai nikiwa najisikia fundi.

Sasa baada ya kuzungumza na yule muuguzi nilijaribu kwa simu yangu. Ikaja ileile alama nyekundu, na maneno yaleyale ya watu wanaojaribu kuiba. Nikarudi kwenye kompyuta: kikufuli kimefungwa, salama. Simu: hatari. Kompyuta: salama. Mashine ileile, saa ileile. Kama cheti kingekuwa kimeharibika tu, kingeharibika kwa wote. Niliona kama kuna mtu amesimama mlangoni, anachagua nani apite na nani adanganywe.

Mchana tukapata taarifa kutoka kituo chetu kidogo cha Mlandege. Tabibu wa pale alisema kompyuta yake haina shida ila simu yake inakataa. Mkuu wa maabara, mama mtu mzima wa Kihehe ambaye hana subira na mambo yasiyoonekana kwa darubini, alikuja hadi stoo ya mashuka akasimama mlangoni.

"Kamwene."

"Kamwene, mama."

"Watu wangu wanaogopa kuingiza majibu. Kuna mtu anatusoma?"

"Naangalia, mama."

"Unaangalia nini? Niambie nikawaambie."

Nilishinda wiki nzima nikibadilisha mipangilio ambayo sikuielewa na kuirudisha ilivyokuwa. Kila mtu aliyepita karibu na ile stoo nilimtazama mara mbili. Fundi wa umeme aliyekuja kubadilisha taa nilimsimamia mpaka akamaliza. Nyumbani Kihesa mume wangu alishika simu yangu kuangalia saa nikamnyang'anya, akanishangaa.

Jumatatu iliyofuata nikapata wazo ambalo lilipaswa kuja mapema. Seva ina daftari lake la ndani, tunaliita logi, linaloandika kila aliyeingia na saa aliyoingia. Nikalifungua. Jina langu, jina langu, jina langu. Halafu, Jumanne ya wiki iliyopita, jina la yule kaka wa Mbeya. Jumatano, tena. Ijumaa, tena.

Nilifunga mlango kwa funguo.

Nikafuata nyayo zake. Kwenye folda ya vyeti, mahali penyewe ambapo shida ilikuwepo, kulikuwa na faili jipya la Jumatano lenye jina la herufi kubwa: SOMA KWANZA. Lilikuwa dogo sana. Nililitazama kama mtu anayetazama kifurushi kilichoachwa kizingitini. Nikajiambia, ndilo hili. Ametega. Anataka nilifungue. Nililinakili kwenye flashi bila kulifungua, nikalifuta kwenye seva, nikafuta na ule ufunguo wake ambao nilitakiwa kuufuta miezi mitano nyuma, na amri moja niliiandika mara nne kabla haijakubali. Flashi nikaitia kwenye bahasha, nikaibandika gundi, nikaipeleka kwa Sista.

Sista Mkurugenzi hakuwa mtu wa haraka. Aliigeuza ile bahasha, akaiweka kwenye kabati la chuma pamoja na hati za kiwanja.

"Una hakika ni yeye?"

"Jina lake limeandikwa, Sista. Mara tatu."

"Na hili onyo kwenye simu ni kazi yake?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema sijui. Nilijua kwamba ameingia. Sikujua amefanya nini. Lakini nilikuwa na wiki nzima ya kuulizwa maswali nisiyo na majibu yake, na sasa nilikuwa na jibu lenye sura ya mtu.

"Ni yeye, Sista," nikasema.

Siku mbili baadaye simu ya ofisini ililia. Mtu wa chuo kimoja cha Mbeya, mwenye sauti ya heshima, alisema wanataka kumwajiri kijana aliyewahi kufanya kazi kwetu, na katika barua yake ameandika jina la hospitali kama mahali pa kuulizia. Sista hakuwepo. Je, naweza kusema lolote kuhusu uaminifu wake?

Nilikaa kimya kwanza, na najua kimya kile nacho kilisema kitu. Kisha nikasema, "Kazi anaijua. Lakini mimi nisingempa ufunguo wa chumba chenye kitu ndani."

"Tumekuelewa, dada. Asante sana."

Niliweka simu chini nikiwa najiona nimefanya jambo la haki.

Kwa kufuta ufunguo wake nilitegemea onyo litaondoka. Halikuondoka. Hilo nalo sikulichukulia kama dalili kwamba nimekosea. Nililichukulia kama dalili kwamba ameacha kitu kirefu zaidi ndani. Sista akaagiza majibu yarudi kwenye karatasi, yaende kwa basi ndani ya bahasha zilizofungwa, na akakataza mtu yeyote kusoma majibu kwa mdomo kwenye simu. Utaratibu wa zamani ukarudi, na mabasi ni mabasi, hayajali karatasi ya mtu. Kulikuwa na mama mmoja kule Usangu aliyekuwa akikohoa, sampuli yake ilikuwa imeshapimwa, na majibu yalikuwa ya kifua kikuu. Bahasha yake ilitoka Iringa siku ya Alhamisi. Kondakta akasahau kuishusha, ikapitiliza hadi Tunduma, ikarudi, ikashushwa kituo kisicho chake. Muuguzi aliipata siku ya kumi. Siku zote hizo yule mama alilala chumba kimoja na watoto wake wadogo.

Muuguzi alinipigia mwenyewe kunieleza. Hakufoka. Ningependa angefoka.

"Nimemwanzishia dawa leo," alisema. "Watoto nao nitawachukua vipimo. Nimeona nikwambie wewe, kwa sababu wewe ndiye unayepokea simu."

Nikaenda kwa Sista nikamwambia habari hiyo. Alisimama, akafungua kabati la chuma, akanipa ile bahasha.

"Nenda Mbeya. Muulize uso kwa uso alichofanya. Akikuambia, rudi utengeneze. Asipokuambia, nitaenda polisi."

Nilisafiri siku iliyofuata, bahasha nimeiweka ndani ya blauzi kama fedha. Njia nzima, tangu tuliposhuka mteremko wa Ipogolo hadi tulipopita Makambako na bonde la Usangu likafunguka upande wa kulia, nilikuwa napanga maneno. Nilijua nitaanza na swali gani, na akinijibu kwa swali nitafanyaje. Nilijiandaa hata kwa machozi yake.

Alikuwa na kiofisi cha kuchapa na kutengeneza simu pale Uyole, fremu moja yenye pazia nyuma. Nilimkuta amevaa sweta, anafungua simu ya mtu kwa bisibisi ndogo. Aliponiona alisimama haraka, akafuta kiti kwa kiganja.

"Dada! Karibu. Umekuja na basi la saa ngapi?"

Nyuma ya pazia mama yake alikuwa amekaa na miguu iliyovimba juu ya stuli. Alinisalimu, akauliza kama Iringa mvua zimekatika, akaagiza niletewe chai. Ikaletwa, na maandazi. Sikuigusa. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilijiuliza kwa nini wananikaribisha hivyo, na nikaona ni ushahidi mwingine.

Niliweka bahasha mezani.

"Uliingia kwenye seva yetu," nikasema. "Mara tatu."

"Ndiyo."

Sikuwa nimejiandaa kwa ndiyo.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Bila ruhusa. Muuguzi wa Usangu alinipigia. Alizoea kunipigia mimi. Akasema simu inamkatalia na wewe umemwambia azime awashe. Nikajaribu ufunguo wangu nikiamini umeshaufuta. Ukafungua." Akatazama chini. "Hilo nilikosea. Ningekupigia wewe kwanza."

"Kwa nini hukunipigia?"

"Ungepokea?"

Nilikumbuka kwamba mwezi wa kwanza alinipigia mara mbili kuuliza ninaendeleaje, nikaiacha simu ilie. Niliona ananichunguza.

"Ulitega nini kule ndani?"

"Nitege?" Alisema neno hilo kama analionja. "Dada, shida ilianza lini?"

"Jumatatu."

"Na mimi niliingia lini?"

Jumanne. Siku zote hizo nilikuwa na logi mbele yangu na muuguzi kichwani, na sikuwahi kuweka siku hizo mbili kwenye mstari mmoja.

"Lile faili ulilisoma?" akauliza.

"Limo humo." Nikaonyesha bahasha. "Sijalifungua."

Sura yake ilibadilika hapo, mara ya kwanza. Haikuwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyekuwa akisubiri jibu la barua na sasa anaambiwa barua haijawahi kufunguliwa. Aliichana bahasha, akachomeka flashi kwenye kompyuta yake, akageuza kioo kunielekea.

Ilikuwa mistari michache.

"Dada, samahani kwa kuingia. Umesahau cheti cha kati. Ni faili la pili katika yale mawili waliyokutumia. Liunganishe chini ya la kwanza, kisha washa huduma upya. Usijaribu kwa kompyuta, jaribu kwa simu. Sijagusa kitu. Futa ufunguo wangu, ukurasa wa kwanza wa daftari."

Nililisoma mara mbili, ya pili nikitafuta mtego.

"Cheti cha kati ni nini?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa imeshuka.

"Wewe ulikuwa katibu muhtasi. Barua ya utambulisho inakwendaje? Mwenyekiti wa mtaa anaandika kwamba anakufahamu. Lakini benki hawamjui mwenyekiti wako, wanamjua mtu wa halmashauri. Katikati yupo mtendaji wa kata, anayemjua mwenyekiti na anayejulikana na halmashauri. Anagonga mhuri wake, ndiyo barua inakamilika. Seva yako inaonyesha barua ya mwenyekiti tu. Mhuri wa kata umeuacha nyumbani."

"Mbona kompyuta zinakubali?"

"Kompyuta zenu zimeshakutana na huyo mtendaji kwenye tovuti nyingine, zikamkumbuka. Zinajaza pengo zenyewe. Simu nyingi hazifanyi hivyo. Simu ikiona pengo inasema ukweli: simjui huyu. Hayo maneno ya wezi ni ya tahadhari tu, inamwambia kila mtu."

Kwa hiyo hapakuwa na mtu mlangoni. Kulikuwa na faili lenye jina la kigeni nililolikataa kwa sababu sikulijua, na faili jingine nililolikataa kwa sababu nilimjua aliyeliandika.

Hata hivyo sikumwamini mara moja, na sitajifanya nilimwamini. Nilimwambia akae upande wa pili wa meza na asiguse chochote. Nilitoa kompyuta yangu. Faili la pili sikulichukua kwake. Nililipakua upya kutoka kwenye barua pepe ya kampuni ya vyeti. Nikaliunganisha chini ya la kwanza, nikawasha huduma upya kutoka pale Uyole, nikachukua simu yangu. Kikufuli kikafunga. Nikachukua simu ya mama yake, nikiomba kwa adabu kupitia pazia. Kikafunga. Nikamwomba airudishie betri ile simu iliyokuwa imefunguliwa mezani, nikaijaribu nayo. Kikafunga.

Nikampigia muuguzi wa Usangu.

"Mama, tayari. Jaribu sasa."

"Uko Iringa?"

"Niko Mbeya."

"Kwa yule kaka?"

"Ndiyo."

"Basi rudi kwanza Iringa," alisema. "Ukifika ofisini kwako ndiyo nitafungua."

Yule kaka aliyasikia, maana simu yangu ina sauti kubwa. Akainama akaendelea na bisibisi yake.

"Majibu ya wagonjwa uliyaona?" nilimuuliza.

"Sikufungua majibu."

"Nitajuaje?"

"Logi inaandika aliyeingia. Haiandiki alichosoma. Nilitaka kuiwekea hiyo kabla sijaondoka, sikupata muda." Akaniangalia. "Kwa hiyo hutajua. Itabidi uamue."

"Na Ijumaa? Ulifuata nini mara ya tatu?"

"Nilirudi kuona kama umelisoma."

Kulikuwa na jambo moja lililobaki, na ningeweza kuondoka nalo. Basi la kurudi lilikuwa saa nane. Yeye hakujua, na hakuna ambaye angemwambia. Ile chai ilikuwa imepoa mbele yangu na utando juu yake.

"Kuna chuo walinipigia," nikasema. "Kukuulizia."

Bisibisi ikasimama.

"Wiki iliyopita waliniambia nafasi imejazwa," alisema. "Kwenye usaili waliniambia nianze kutafuta vyeti vyangu halisi. Nikashangaa." Akaweka bisibisi chini kwa uangalifu. "Ulisema nini? Usifupishe. Niambie maneno yenyewe."

Nikamwambia maneno yenyewe.

Alitikisa kichwa polepole, kama anayakagua maneno hayo moja moja.

"Kwamba niliingia bila kubisha hodi, ungewaambia, ingekuwa kweli, na ningekosa kazi kwa kosa langu," alisema. "Lakini hukuwaambia hilo. Uliwaambia mimi ni mtu wa namna gani. Na faili langu lilikuwa kabatini kwenu, halijafunguliwa."

Nilimwomba msamaha. Nilisema mambo mengi, mengine ya kujitetea, na niliposikia ninajitetea nikaacha. Hakusema amenisamehe. Aliniambia basi nitalikosa nisipotoka sasa hivi. Mama yake aliita kutoka nyuma ya pazia, "Nenda salama, mwanangu," na sauti yake haikuwa ile ya asubuhi.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Sista kabla ya kufika stoo ya mashuka. Nilimweleza kwa mpangilio: cheti nilichoweka nusu, siku nilizoshindwa kuzihesabu, faili nililolifuta, na simu ya chuo, ambayo hakuwahi kujua. Kwenye habari ya simu alinikatiza.

"Ulijibu kwa jina la hospitali?"

"Ndiyo, Sista."

Aliandika barua kwa chuo siku hiyohiyo, akanipa niichape mimi mwenyewe. Ilisema kwamba maelezo yaliyotolewa hayakuwa na msingi, kwamba mtu huyo alituhudumia kwa uaminifu, na kwamba kosa la seva lilikuwa letu. Nami niliandika ya kwangu, fupi zaidi. Chuo wakajibu kwa heshima kwamba wameshaajiri mtu mwingine na wanatunza barua zetu. Miezi mingi baadaye nilisikia kwamba amepata kazi kwenye hospitali nyingine, upande wa Njombe, kwa kujuana kwake mwenyewe. Nilimtumia ujumbe wa pongezi. Niliona umesomwa. Hakujibu, na sidhani anadaiwa kunijibu.

Muuguzi wa Usangu aliufungua ukurasa siku ileile niliyorudi ofisini, kama alivyosema. Wale watoto wa yule mama walipimwa. Mmoja alianzishiwa dawa, na amemaliza. Muuguzi bado ananipigia kila anapofungua jibu zito, anasoma namba ya mgonjwa, anauliza kama kwangu inaonekana vilevile. Sijawahi kumwambia aache.

Kama yule kaka aliyasoma majibu au hakuyasoma, mpaka leo sijui. Siku nyingi naamini hakuyasoma. Siku nyingine, nikiwa na mambo yangu, naliona jina lake tena kwenye logi ya zamani, Jumanne, Jumatano, Ijumaa, na kitu kinanichoma kidogo. Nimejifunza kukaa nacho bila kukipa sura ya mtu.

Kwenye kikao cha wafanyakazi Sista alinitaka nisimulie yote, nikasimulia nimesimama. Nilipomaliza, mkuu wa maabara alinyoosha mkono.

"Sasa wewe tukuamini vipi?"

Nikasema sijui, mama.

"Basi mwakani ukibadilisha hicho cheti nitakuwepo," alisema.

Na amekuwepo kila mwaka. Anakuja na simu yake na kiti chake cha plastiki, kwa sababu chumba kile kina kiti kimoja. Ananisomea majina ya mafaili moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu anayehesabu chupa za damu, na kwa kila jina ananiuliza ni la nini. Nikijibu, anaendelea. Nikisema sijui, anavua miwani, anafunga mikono, na tunakaa hapo mpaka nimpigie mtu anayejua.